Haki ya Aliyetupwa Kisimani

Tarehe 31 Januari mwaka 1998 majumba ya sinema ya Japani yalianza kuonyesha kwa pamoja filamu mbili zenye asili moja, maana zote mbili zilitokana na riwaya za Koji Suzuki, na kisa cha ile ya pili kilianzia pale kilipokomea cha ile ya kwanza. Ya kwanza, Ringu, iliyoongozwa na Hideo Nakata, ilipata sifa iliyovuka bahari, ikatengenezwa upya Korea na Marekani, na umbo la mwanamke mwenye nywele zilizofunika uso, anayetambaa kutoka katika televisheni, likajulikana hata na watu ambao hawakupata kuiona filamu yenyewe. Ya pili, Rasen, iliyoongozwa na Joji Iida, haikuwaridhisha watazamaji. Na kabla ya mwaka mmoja kutimia ilikuwa imekwisha tengenezwa na kutolewa filamu nyingine ya kuendeleza kisa, Ringu 2, iliyosimulia mambo kana kwamba Rasen haikupata kutungwa.

Wanaoilaumu Rasen aghalabu husema kwamba haitishi, na hilo ni kweli, wala sina haja ya kulibishia. Walakini kutotisha ni taksiri ndogo kwa filamu ya mizuka, kwa kuwa hofu ni kitu kinachochakaa, na hata filamu iliyo bora, ikitazamwa mara ya tatu, haishtui tena kama ilivyoshtua mara ya kwanza, ilhali uzito wake, ikiwa inao, hubaki vile vile. Kosa la Rasen, kwa rai yangu, liko ndani zaidi, nalo linagusa suala ambalo dini na wenye hekima wa zama nyingi wamelishughulikia: je, mtu aliyeuawa kwa dhulma, akafa pasipo kusikizwa, anabaki na haki yoyote juu yetu sisi tulio hai, hata kama mikono yetu haikuhusika na kifo chake? Ringu ililijibu suala hilo kwa kukubali, na ukubali wake ulikuwa wa kutisha. Rasen ililiondoa suala lenyewe. Ilimgeuza mshtaki kuwa maradhi, na ilipokwisha kufanya hivyo haikusaliwa na jambo kubwa la kusema.

Kisa chenyewe ni hiki. Reiko Asakawa, mwandishi wa habari, anapeleleza vifo vya vijana waliotazama kanda ya video yenye picha za ajabu, wakafa siku ya saba baada ya kuitazama. Naye anaitazama, na mwanawe mdogo Yoichi anaitazama pia, na kwa msaada wa Ryuji Takayama, aliyekuwa mumewe, anaifuata asili ya kanda ile hadi kisiwa cha Oshima, chenye mlima wa moto uitwao Mihara, nyumbani kwa Shizuko Yamamura, mwanamke aliyejaliwa kipawa cha kuona yaliyofichika. Shizuko alipelekwa mbele ya waandishi wa magazeti akithibitishe kipawa chake, akaitwa laghai mbele ya kadamnasi, na hatima yake ikawa kujitupa katika shimo la mlima ule. Na binti yake, Sadako, mwenye nguvu zilizopita za mama yake, alipigwa na Profesa Ikuma, yule yule mtaalamu aliyemwonyesha mama mbele ya watu, akatupwa kisimani, na kisima kikafunikwa. Miaka ilipopita, juu ya kisima kile ikajengwa nyumba ya mapumziko, watu wakawa wanalala na kucheka juu ya kifuniko pasipo kujua kilichomo chini yake. Reiko na Ryuji wanateremka humo, wanateka maji kwa ndoo hadi usiku, mpaka Reiko analipapasa fuvu la yule binti katika matope, akalikumbatia.

Mjapani aliyeingia sinema kulitazama jambo hilo hakuhitaji kufundishwa kwamba aliyekufa kwa dhulma hurudi kudai, kwa kuwa fikra hiyo katika nchi yake ina umri wa zaidi ya miaka 1,000, na imewahi kuitikisa dola yenyewe. Mwaka 785 mwanamfalme Sawara alituhumiwa kuhusika na mauaji ya mtu mkubwa wa serikali, akavuliwa cheo, akafa kwa njaa akiwa njiani kupelekwa uhamishoni. Misiba ilipofuatana katika nyumba ya kaka yake, Mfalme Kanmu, marehemu yule alipewa daraja na jina la mfalme mwaka 800, miaka kumi na mitano akiwa kaburini. Lakini kisa kilicho mashuhuri zaidi ni cha Sugawara no Michizane, mwanachuoni na mshairi aliyepanda hadi uwaziri, akasingiziwa na mahasimu wake wa ukoo wa Fujiwara, akahamishiwa Dazaifu, katika kisiwa cha Kyushu, mwaka 901, akafa huko mwaka 903 katika huzuni na fedheha. Hasimu wake mkuu, Fujiwara no Tokihira, akafa mwaka 909 kabla ya kuufikia uzee. Mrithi wa kiti cha ufalme akafa mwaka 923. Na mwaka 930 radi ikapiga ukumbi wa jumba la mfalme, ikawaua waheshimiwa waliokuwamo, na Mfalme Daigo, aliyeitia muhuri hukumu ile, akafariki mwaka huo huo.

Kinachonivuta mimi katika habari hiyo si radi, kwani radi hupiga popote, bali ni namna watu wale walivyoupokea msiba wao. Hawakumkabili Michizane kwa mazinguo na ubani peke yake, kama afukuzwavyo pepo asiye na jina; walimrudishia cheo walichomnyang'anya, wakaibatilisha amri iliyomhamisha, na mwaka 947 likajengwa hekalu la Kitano, mjini Kyoto, ambako mpaka leo wanafunzi huenda kuomba kabla ya mitihani, maana madhulumu yule amekuwa mlinzi wa elimu. Mambo hayo ni ya mahakama zaidi kuliko ya uchawi. Kesi ilifunguliwa upya ilhali mshtaki ni maiti, na serikali iliyomhukumu ikakiri kwamba ilihukumu kwa batili. Mtu anaweza kukataa katakata, kama ninavyokataa mimi, kwamba marehemu ndiye aliyeirusha radi ile, na bado akaona kwamba katika kuogopa kwao watu wale walifikia insafu ambayo katika amani yao hawakuifikia.

Baada ya wakubwa wakafuata wanyonge. Mwaka 1825 Tsuruya Nanboku wa nne alikitungia mchezo wa kabuki kisa cha Oiwa, mke aliyeharibiwa uso kwa sumu ili mumewe apate kuoa kwingine. Na kabla yake na baada yake wametajwa wengine, kama Okiku, mtumishi wa nyumbani aliyeuawa kwa ajili ya sahani moja, akatupwa kisimani. Hao hawakuwa na vyeo vya kurudishiwa, na kwa hiyo hasira zao katika hadithi haziishi upesi kama zile za waziri. Sadako ametoka katika ukoo huo: vazi jeupe kama la maziko, nywele zilizoachwa wazi, kisima. Nakata alimchagua Rie Ino'o, aliyefunzwa mwendo wa kabuki, akampiga picha akitembea kinyumenyume, kisha picha ikageuzwa ili aonekane anakuja mbele, na kwa ufundi huo mdogo akampata kiumbe ambaye viungo vyake vinaonekana kutotii tena sheria za walio hai. Sadako wa Ringu hasemi neno lolote. Hana haja ya kusema, kwa kuwa kanda ndiyo kauli yake.

Kwa hiyo Reiko anapolikumbatia fuvu, mtazamaji ana kila sababu ya kuamini kwamba mambo yamekwisha, maana mila yote aliyolelewa nayo inamwambia kwamba mfu aliyepatikana, akaliliwa, akapewa maziko, hupumzika. Saa yake inapita, na Reiko hafi. Lakini siku inayofuata Ryuji anakufa, Sadako akimtokea nyumbani kwake kupitia kioo cha televisheni, na Reiko anatambua kwamba lililomwokoa yeye halikuwa huruma yake bali ni kule kuinakili kanda na kumwonyesha mtu mwingine. Ili mwanawe apone, inampasa Yoichi naye ainakili na kumwonyesha mtu. Na filamu inakwisha mama akiendesha gari kwenda kwa baba yake mzazi, akiwa na kanda.

Wapo wanaoufasiri mwisho huo kwamba Sadako ni shari tupu, isiyotaka chochote ila kuua, na kwamba wema haumfai. Mimi nauona vingine. Michizane alisikizwa na mamlaka ile ile iliyomhukumu, na kukiri kwao kuliandikwa na kutangazwa. Sadako alitolewa kisimani na watu wawili kwa siri, pasipo mtu yeyote kutamka hadharani kwamba fulani alimuua fulani, mahali fulani, kwa sababu fulani. Ikuma hakuhukumiwa, na waliomfedhehi Shizuko hawakuomba radhi. Reiko alimpa Sadako machozi, na machozi ni kitu chema, lakini hayakuwa ndiyo deni. Anachokidai, nikiitazama kanda ile kama ushahidi, ni kwamba kila mtu aone yaliyompata, na kila aliyeona amlete mwingine aone. Na ubaya wa dai hilo, ubaya usiosameheka, ni kwamba linachukuliwa kwa vitisho kutoka kwa wasio na hatia, hata likamfikisha mwanamke mwema kwenye mlango wa baba yake na mauti mkononi. Mtazamaji anabaki ameshika mambo mawili yasiyopatana: kwamba dai ni la haki, na kwamba namna ya kulidai ni dhulma mpya. Kuyashika mambo hayo mawili kwa pamoja ndiyo kazi ngumu, na Ringu inatuachia kazi hiyo pasipo kutusaidia.

Hapo ndipo Rasen inapoanzia. Maiti ya Ryuji iko juu ya meza, na aliyeitwa kuipasua ni Mitsuo Ando, tabibu aliyesoma naye, mtu aliyekata tamaa ya maisha kwa sababu mwanawe mdogo alizama baharini. Ndani ya tumbo la maiti anakuta karatasi yenye ujumbe wa mafumbo. Reiko na Yoichi nao, tunaambiwa upesi upesi, wamekwisha kufa. Mtoto ambaye mama alikuwa tayari kuitoa roho ya babu yake kwa ajili yake anaondolewa kwa maneno machache, jambo ambalo peke yake lingetosha kumkasirisha mtazamaji aliyetoka kuiona filamu ya kwanza. Kisha siri inafunuliwa: waliokufa walikuwa na virusi vinavyofanana na vya ndui, na virusi hivyo vinabeba vinasaba vya Sadako, na Mai Takano, mwanafunzi wa Ryuji, amekuwa chombo ambacho kwacho Sadako anazaliwa upya, na kunakiliwa kwa kanda kulikuwa ni njia tu ya kitu hicho kujizidisha. Picha zinahama kutoka katika giza la kisima na kuingia katika weupe wa maabara, na humo zinabaki. Sadako, aliyekuwa kimya, sasa ana sura nzuri, anazungumza, anafanya mapatano.

Atasema mtu kwamba hiyo ndiyo riwaya yenyewe, na kwamba Suzuki alikuwa na haki ya kuuliza kwa elimu ya tiba swali ambalo wahenga waliliuliza kwa woga. Nakubali kwamba alikuwa na haki, wala sina ugomvi na elimu hiyo. Ndui iliyotajwa katika kisa hiki iliwaua watu wa pwani yetu ya Afrika ya Mashariki kizazi baada ya kizazi, na mtu wa mwisho duniani kuambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merka, Somalia, mwezi wa Oktoba mwaka 1977, naye alipona, na baadaye akafanya kazi ya kuwahimiza watu wakubali chanjo ya polio. Na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imetoweka. Hakuna aliyeilalamikia ndui kwamba imedhulumiwa. Hakuna aliyeuliza inataka nini, na ilikuwa sawa kabisa kutouliza, kwa kuwa ugonjwa hauna kisa cha kusikizwa; unachunguzwa, unazuiwa, unafutwa, na aliyeufuta hadaiwi kitu nao. Lakini ndiyo sababu haifai kumweka katika fungu hilo binti aliyetupwa kisimani. Maelezo ya jinsi chuki yake inavyoenea hayatuambii kama chuki hiyo ilikuwa na msingi, na tabibu anayetosheka na swali la kwanza hajalipunguza swali la pili hata kidogo. Amelipa kisogo tu.

Tena liko jambo la historia linaloifanya taksiri hiyo kuwa nzito zaidi. Mwaka 1910 palikuwa na mwanamke wa Kumamoto aitwaye Chizuko Mifune, aliyesifiwa kwa kipawa cha kuona vilivyofungwa ndani ya vitu, na Profesa Tomokichi Fukurai wa Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo akamleta mbele ya wanachuoni ili ajaribiwe kwa kusoma maandishi yaliyozibwa ndani ya bomba la risasi. Aliyasoma, lakini ikadhihirika kwamba bomba alilolisoma halikuwa lile alilokabidhiwa, magazeti yakaeneza shaka, na mwezi wa Januari mwaka 1911 mwanamke yule akanywa sumu akafa, umri wake miaka 24. Fukurai aliendelea na utafiti wake, akauchapisha mwaka 1913, na hatimaye akaondoka chuoni. Yeyote anayezijua habari hizo huona mara moja kwamba Shizuko na Ikuma wa kisa chetu wamechongwa kutoka kwao. Sitetei kipawa cha Chizuko, maana sina burhani ya kukithibitisha. Nasema tu kwamba mtu aliwekwa mbele ya wajuzi kama kitu cha kupimwa, na kipimo kilipomkataa hapakuwa na aliyemwona tena kuwa ni mtu.

Basi fikiri: hadithi iliyozaliwa na jeraha hilo, inayomhusu mama aliyeuawa na macho ya wapimaji na binti aliyeuawa na mpimaji mwenyewe, inapata mwendelezo ambao tena unampeleka binti yule maabara, unamhesabu, unamsoma kwa darubini, na kumwita virusi. Rasen inarudia tendo la Ikuma pasipo kujua kwamba inalirudia. Hata Ringu 2, iliyofanywa ili kuiziba Rasen, haikuepukana na tamaa hiyo, kwani humo namo yuko daktari mwenye mitambo anayetaka kuitoa chuki ya marehemu katika miili ya walio hai na kuimimina katika maji ya bwawa la kuogelea, jaribio linaloishia katika maafa.

Sisi tuliolelewa katika Uislamu hatuamini kwamba roho ya marehemu hutoka kisimani ikazunguka majumbani mwa watu. Roho ikitengana na kiwiliwili huingia barzakhi, na baina yake na dunia pana pazia hadi siku ya kufufuliwa. Kwa itikadi hiyo Sadako hayuko. Walakini itikadi hiyo hiyo haikumfutia marehemu haki zake: maiti huoshwa, huvishwa sanda, huswaliwa, huzikwa, na jamii nzima hupata dhambi ikiwa hapana hata mmoja aliyeyatimiza hayo, madeni yake hulipwa kabla ya warithi kugawana chochote, na aliyemdhulumu haponi kwa kuwa mdhulumiwa amekufa, maana kisa chao kimeahirishwa tu mbele ya Hakimu asiyeletewa shahidi wa uongo. Kati ya Mjapani wa hadithi zile na sisi, kwa hiyo, tofauti iko katika mahali pa mahakama na saa ya kusikizwa kesi. Yeye anasema mshtaki atakuja mwenyewe, tena karibuni. Sisi tunasema ataitwa siku yake. Hakuna kati yetu anayesema kwamba kesi haipo. Anayesema hivyo ni Rasen, nayo inasema kwa utulivu, kama jambo lisilohitaji hoja, na hilo ndilo lililonihuzunisha kuliko udhaifu wake wote wa kifilamu.

Limebaki jambo la mtoto wa Ando, ambalo ndilo lililokuwa tajiri kuliko yote na ndilo lililotumiwa vibaya kuliko yote. Sadako, katika kisa hiki, anamwahidi tabibu kwamba akimsaidia atarudishiwa mwanawe aliyezama, aumbwe upya kwa vinasaba vyake kama alivyoumbwa upya yeye; na Ando, kwa malipo hayo, anairuhusu laana ienee duniani. Mzazi yeyote anaujua uzito wa ahadi hiyo. Abu Hamid al-Ghazali, katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa, alipowakabili wanafalsafa, Ibn Sina akiwa mbele yao, katika masuala 20, la mwisho alilifanya kuwa hilo la kufufuliwa miili, na katika hoja zake alisema kwamba mtu hawi mtu kwa kiwiliwili chake, maana kiwiliwili hubadilika kwa chakula tangu utoto hadi uzee naye akabaki yeye yule. Basi roho ikirudishwa katika mwili, uwe wa udongo ule ule au mwingine, aliyefufuka ni yeye. Kwa Ghazali mwili haukuwa taabu, taabu ilikuwa roho, na roho iko katika milki ya aliyeiumba. Rasen imeugeuza utaratibu huo juu chini: mwili inao, imeupata kwa vinasaba, na habari ya roho haiiulizi kabisa. Yule mvulana aliyerudishwa ni nani? Anayakumbuka maji? Alikuwa wapi katika muda ule ambao baba alikuwa anajaribu kujiua kwa ajili yake, na akiwa hakuwa popote, ni kwa haki gani tunasema amerudi, wala si kwamba amezaliwa mwingine mwenye sura yake? Na baba aliyeuuza ulimwengu ili ampate, je, bado ni yule baba ambaye mtoto alimjua? Reiko alipokuwa anakwenda kwa babu ya Yoichi, uso wake ulibeba dhambi aliyokuwa anaiendea, na sisi tuliiona, na kwa hiyo tuliweza kumhurumia na kumshutumu kwa pamoja. Ando anapokea mtoto kama mtu aliyepokea amana yake benki, na filamu inamwacha aende.

Na fursa ilikuwepo, tena ilikuwa imeandaliwa na kisa chenyewe. Ando ni mzazi ambaye mwana alizama akamshinda kumwokoa, na kila siku ya maisha yake angeyatoa macho yake ili ayarudishe maji nyuma. Sadako ni mwana aliyetumbukizwa majini na Ikuma, mtu aliyemlea. Katika watu wote wa hadithi hii hakuna hata mmoja, si Reiko, si Ryuji, aliyestahiki zaidi kumsikiza kuliko tabibu huyo, na hakuna hata mmoja ambaye Sadako angeweza kumwambia yaliyompata akaeleweka bila ya maelezo mengi. Watunzi wamewakutanisha ana kwa ana, wamewapa ndimi za kuzungumzia, wamewapa usiku mzima, na baina ya baba aliyempoteza mtoto na mtoto aliyepotezwa na baba hawakuona jambo la kuzungumzwa ila bei.